Neno Kinuni

Mchi ulipanda, mchi ukashuka, na Bi Kimya hakutoa hata mguno. Ndivyo kazi ilivyotaka. Mtaalamu, ndivyo mganga wake alivyojiita, alikuwa na sheria moja aliyomsomea kila mteja kabla hajakaa: dawa hutwangwa na mtu aliyefunga mdomo. Neno moja tu likidondokea kinuni, unga umekufa, umekuwa vumbi kama vumbi la barabarani.

Basi wateja walikaa kwenye benchi upande huu wa pazia, yeye upande ule, na kati yao ukapita mdundo tu. Mdundo wenyewe ulikuwa nusu ya dawa. Watu waliusikia wakashusha pumzi. Jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau. Walimwita Bi Kimya, naye aliitika kwa kichwa.

Alijua kila unga uendako. Mwekundu, wa mizizi, ulikuwa wa mvuto: kijana aumwage kiganjani, aupulize kuelekea nyumba ya anayempenda, kisha apige chafya, maana hajazaliwa awezaye kupuliza unga ule bila chafya. Mweupe, wa magamba ya konokono yaliyochomwa, ulikuwa wa kuogea mwenye mikosi. Mweusi, wa mkaa uliosagwa, ulipakwa utosini mwa vichanga ili jicho la husuda lisiwapate. Hakuna ulioponya, hakuna ulioua. Mtu alitoka na karatasi iliyofungwa uzi mwekundu, na moyo mwepesi, na Bi Kimya alijiambia kwamba moyo mwepesi nao ni kitu.

Kisha ukaja ule wa kijivu.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua mganga mwingine mwenye bango la taa, na benchi la Mtaalamu likaanza kupwaya. Akatafuta kitu cha kung'aa. Akarudi na gunia la mabonge mazito yaliyokwanguliwa ndani ya betri chakavu za magari. Bi Kimya aliyatambua. Fundi wa betri, jirani yake, aliwahi kuyaacha uani. Kuku wakadonoa, wakaanza kuyumba kama walevi, wakafa mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hiyo fundi aliyafungia kwenye pipa na kumfokea kila mtoto aliyesogea. "Hii ni madini ya risasi," alisema. "Inakula damu polepole, kama mchwa na mlango."

Siku ile, kazi ilipoisha na mdomo ukawa huru, Bi Kimya alimuuliza Mtaalamu.

"Huu ni wa vizingiti tu, dada," Mtaalamu alimjibu. "Wenye maduka wanamwaga mlangoni, wabaya wao wasivuke. Sasa nani atalamba kizingiti?"

Akacheka. Bi Kimya naye akacheka, akajifunga kitambaa puani, akaendelea kutwanga.

Wenye kumbukumbu wangeweza kumwonya. Kabla hajawa Mtaalamu, mtu yule alizunguka mtaa huu huu na kipaza sauti akiuza sumu ya panya, akiapa kwamba paka hata akiinywa ataota ndevu mpya tu. Walimwita Baba Panya. Paka waliisha mtaani. Watu wakakasirika, wakasema, wakachoka, wakasahau. Naye akahamia nyuma ya soko, akashonesha joho, akarudi na jina jipya. Wanaokula migongoni mwa wanyonge hutegemea hilo tu, kwamba mnyonge ana mengi ya kukumbuka. Hofu ya maskini ni shamba lisilo na ua: kila mwenye jembe hulima. Zahanati itakwambia dawa zimekwisha, rudi kesho. Muuza hofu hajawahi kuishiwa.

"Hodi, Mtaalamu."

Wiki kadhaa baadaye, nyuma ya pazia, mchi ulichelewa pigo moja. Sauti ile ilikuwa ya mke wa mwana wa Bi Kimya, aliyekuwa akikaa kwa wazazi wake tangu ajifungue.

"Karibu, mama mtoto. Dawa imeisha?"

"Imebaki kidogo, lakini mtoto bado. Hanyonyi, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Akilia, analia kama mtu aliye mbali."

"Ulimpaka utosini?"

"Nilimpaka. Nikamlambisha pia, kwa ncha ya kidole, kama ulivyoniambia. Ule mpya, unaong'aa."

"Basi jicho lililomwona ni kubwa. Hatuendi tena kwa kidole. Tunaenda kwa kijiko."

Kwenye benchi, muuza mkaa aliyekuja kutafuta unga wa kizingiti akakohoa. "We binti, hukuogopa kumlambisha kichanga kitu usichokijua?"

"Nitaogopaje, shangazi? Anayetwanga ni mama mkwe wangu. Mkono wake naujua."

Nyuma ya pazia, mkono ule ulikuwa umeshika mchi, na chini ya mchi, kinuni, unga wa kijivu uling'aa kama mgongo wa samaki.

Bi Kimya alitazama pazia. Atoke? Aseme nini? Mtaalamu angesema kizee kimechanganyikiwa, au mama mkwe ana wivu na mkwewe, na lipi kati ya hayo watu hawaliamini upesi? Ulimi wake ulilala mdomoni kama bawaba iliyoota kutu. Ndipo akaikumbuka sheria. Akainua mchi juu kabisa, akaushusha kwa nguvu zote, na mdomo wake ukafunguka.

"Goti langu linauma!" alipiga kelele.

Benchi zima likageukia pazia.

"Linauma tangu mvua zilizopita! Na bati langu linavuja! Na jogoo wa fundi wa betri hana adabu, anawika saa anayotaka!" Mchi ulipanda, mchi ukashuka. "Na kinu hiki ni cha marehemu mama yangu, na leo kina maneno!"

"Nani huyo?" aliuliza fundi cherehani, kijana aliyefuata unga wa mvuto.

"Si Bi Kimya huyo!"

"Aa, Bi Kimya ni bubu."

"Bubu gani anasimulia goti?" Muuza mkaa alishasimama. "Jamani, amemeza redio!"

Mtaalamu alilivuta pazia hadi likachomoka. "Mama wewe! Umeingiwa na nini?"

"Sijaingiwa. Nimetokwa."

"Unajua kwamba unaua dawa?"

"Najua. Ndiyo maana nasema." Akauacha mchi, akageukia rafu yenye makopo, akafungua la kwanza, akainama juu yake kwa heshima zote. "Shikamoo." Akafungua la pili. "Na wewe, umeamkaje? Watoto hawajambo?" Kopo la kijivu aliliambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Wewe ni uchafu wa betri. Umeua kuku wa jirani yangu, na mjukuu wangu humpati."

Mtaalamu akainua mikono kuwaelekea wateja, na tabasamu lake likachelewa kidogo kufika. "Tulieni, tulieni, watu wangu. Unga ni mzima. Hayo ni maneno tu."

"Maneno tu?" Muuza mkaa alijishika kiuno. "Juzi hapa ulimfukuza mpwa wangu kwa kuuliza saa, ukasema ameua dawa ya mwezi mzima. Leo maneno hayaui? Basi na kimya hakiipi dawa nguvu. Chagua moja." Akamtazama usoni, akakunja jicho kama asomaye bango la mbali. "Hivi nakujua mimi. Hiyo sauti. Nilikuwa na paka wawili mimi... Baba Panya?"

Fundi cherehani aliichunguza karatasi yake yenye uzi mwekundu, akaiweka benchini taratibu, akajifuta kiganja kwenye suruali. "Afadhali niende nikamwambie tu kwa mdomo," alisema, akatoka.

Bi Kimya hakungoja kuona mengine. Alimwendea mkwewe. Mtoto alikuwa amelala mkononi, rangi imempauka, midomo mikavu.

"Mwanangu, usimpe tena. Hiyo ni risasi ya betri."

Binti alirudi nyuma hatua. "Mama, si mkono wako uliotwanga?"

"Ndiyo. Ni mkono wangu." Sauti ilikuwa imeanza kumkauka, ikabaki kama nyuzi. "Nilidhani inamwagwa mlangoni. Ningeuliza mara ya pili, sikuuliza. Nilaumu njiani, lakini tutembee. Na hiyo karatasi uliyobaki nayo, chukua."

Wakatembea. Binti alimlaumu kweli, njia nzima, akilia, na Bi Kimya aliitika kila neno: "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo." Zahanati ilikuwa na foleni hadi uani. Bi Kimya hakuifuata. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ile mpya, isiyojua bado kujipima, mpaka nesi akatoka na kalamu sikioni.

Nesi aliifungua karatasi, akaipima uzito kiganjani, hakugomba. "Mmefanya vizuri kuja nayo," alisema. "Tungekuwa tunatafuta gizani." Akamwita dereva wa gari la wagonjwa.

Kwenye hospitali kubwa walimtoa mtoto damu, wakasema risasi imo ndani yake na dawa ya kuitoa ipo, ila itataka subira. Siku zikapita juu ya kitanda kimoja chembamba. Watu wa mtaa walileta habari: mlango wa Mtaalamu una kufuli, na mtu ameandika juu yake kwa mkaa majina ya paka. Kinu walikuwa wamekitoa. Fundi wa betri alisema kisitwangiwe chakula tena maishani. Bi Kimya alisikiliza, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mtoto alianza kunyonya, kwanza kama anayeonja, kisha kama mdai, na akishiba alitaka sauti. Bi Kimya alimsimulia goti. Akamsimulia bati na jogoo, na jina lake la kuzaliwa, ambalo hata mkwewe hakuwahi kulisikia. Binti alilala kichwa kimeegemea bega la mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jua la asubuhi lilipanda ukutani. Bi Kimya alidhani mtoto amesinzia, akanyamaza.

Mtoto akafungua jicho moja.

"Haya, haya," alisema Bi Kimya, akakaa vizuri. "Nilikuwa nimefika wapi?"