Kiti Kilichokataa Kushuka

Kiti kikaelea tena. Estelle alikivuta chini kwa kipanya cha kompyuta, miguu ikagusa udongo, akaachia. Nacho kikaruka juu, kimo cha mtu mzima, kikatulia hewani bila haya. Beseni vile vile. Na mbabula ya makaa, jamani, mbabula na sufuria yake juu!

"Shuka, mujinga weye!" akakifokea.

Saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi kamili Augustin, yule bwana wa Lubumbashi anayetengeneza mchezo wa kompyuta wa waendesha pikipiki, angefungua ramani ya mtaa huu wa Likasi aliyomwagiza. Ujumbe wake wa asubuhi haukuwa hata na salamu: vitu vya uani vinaelea, rekebisha, la sivyo kazi nampa mwingine. Miezi miwili Estelle ameunda barabara, kuta, mabomba, hata kamba za nguo, na kazi yenyewe ndiyo ya kwanza maishani mwake. Leo ua wa kwao ndio umwangushe? Alitaka kulia.

Mama yake, Albertine, alikuwa nyuma yake kwenye kigoda, anachambua maharagwe.

"Mama, sombe isiungue kule nje."

"Haiungue. Minye niko naangalia."

Kuangalia aliangalia kweli, ila si ile sufuria ya majani ya muhogo. Macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Ile kiti, sababu ya nini iko mu hewa?"

"Kosa la programu tu, Mama."

Mkono wa Albertine ukasimama kwenye sinia.

"Angalia muzuri. Beseni iko chini kidogo, kiti inapanda, mbabula inapanda zaidi, kisha kamba inashuka. Ile bintu inapanda sawa vile kuko kichuguu."

Estelle akaachia kipanya.

Neno hilo halikutamkwa nyumbani humu kwa miaka kumi na mitano. Baba alichimba kichuguu cha uani misimu mitatu ya kiangazi, akafyatua matofali, akajenga nyumba hii. Msimu wa nne, akitafuta udongo wa jiko, kikamwangukia na kumuua. Mpaka leo Albertine huzunguka njia ndefu asipite penye watu wanaochimba vichuguu.

Na wiki ya kwanza ya kazi, Estelle akiunda ua kwa kumbukumbu, mkono wake ulikisimamisha kichuguu pale pale. Aliposikia ndara za mama mlangoni, akakificha kisionekane kwenye kioo. Alikificha tu, hakukifuta, halafu akasahau kabisa, kichwa maji huyu! Kila alichokiweka pale baadaye kilikaa juu ya kichuguu kisichoonekana. Na ili akifute, sharti kwanza akionyeshe.

Saa tisa na dakika arobaini.

"Mama, toka kwanza nje. Tafadhali."

"Ulikiweka?"

"Nilikiweka. Unisamehe."

"Na ulikificha sababu ya minye?"

"Ndiyo, Mama."

"Onyesha."

"Mama, hapana…"

"Nimesema onyesha, mwana. Ile bwana wako hatangojea."

Akabofya, roho mkononi. Kichuguu kikatokea katikati ya ua, chekundu, na kiti, beseni na mbabula vimekaa juu yake. Sinia likamponyoka Albertine, maharagwe yakatawanyika sakafuni. Estelle akapeleka kidole mbio kwenye kitufe cha kufuta.

"Ngoja!"

Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyapangusa.

"Si vile," akasema. "Ilikuwa murefu kupita ile. Baba yako akisimama juu, minye nilikuwa namuona tangu ku soko. Ongeza."

Estelle akaongeza. Kiti kikapanda nacho.

"Ongeza tena. Basi. Na kiti uache pale juu. Alikuwa anapenda kukaa."

Saa kumi kasoro dakika mbili ramani iliondoka. Wakangoja, Estelle akiuma kucha, mama akiokota maharagwe moja moja. Hatimaye simu ikalia, na Estelle akasoma ujumbe wa Augustin kwa sauti: "Sasa vimekaa vizuri. Tunaendelea na wewe. Ila hicho kilima cha uani ni cha nini?"

Albertine akapapasa ukuta wa matofali pembeni yake.

"Muambie ndio mule tulitoa hii nyumba."