Taiti ya Kapuni

Nusu Bei hakupewa jina hilo na mzazi. Alilipata kwa jasho lake, kwa kuzunguka maduka ya nguo za mazoezi mpaka wauzaji wakisikia kikohozi chake tu mlangoni wanajua leo kuna kazi. Zile nguo za kifahari, zenye kinyoya kidogo kilichodariziwa kiunoni, wenzake waliziangalia dirishani wakameza mate wakapita. Yeye alikuwa nazo sanduku zima, na hakuna hata moja aliyoilipia bei iliyoandikwa. Kulipa bei kamili, kwake, ilikuwa aibu sawa na kutoka nje na kamasi.

Sasa jimu aliyokuwa akienda ikawa inatafuta mwalimu wa darasa la asubuhi. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kununulia chumvi, lakini kulikuwa na neno moja lililomnyima usingizi: mwalimu wa jimu ile alinunua kwenye duka la kinyoya kwa nusu bei mwaka mzima. Si msimu wa punguzo tu, mwaka mzima! Aliposikia hivyo aliona kama ametajwa kwa jina. Akajiandikisha siku ileile.

Kesho yake wifi yake naye akajiandikisha.

Wifi huyu, mke wa mdogo wake, aliishi naye nyumba moja. Ndoa ilishatimiza mwaka lakini bado walimwita Bibi Harusi, maana alikuwa akitabasamu saa zote kama anapigwa picha. Alishinda jikoni na mama mkwe akiambiwa jinsi asivyojua kukata vitunguu. Lakini mwekee muziki! Nusu Bei aliwahi kumchungulia akipiga deki redio inaimba, akaona kiuno kinazunguka kama kimetiwa grisi, na mguu unatua palepale ngoma inapotua. Akarudi chumbani kwake taratibu, kama mtu aliyeona nyoka chooni.

"Dada," Bibi Harusi alimwambia jioni, "nami nimejiandikisha. Ukipata wewe, nikipata mimi, si nyumba moja?"

"Nyumba moja kabisa," alijibu Nusu Bei.

"Shida sina nguo. Nina ile suruali ya kulalia tu."

"Si uvae hiyo hiyo."

"Dada jamani! Niende nikachekwe?"

Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua mboga. Akadakia bila kuinua uso: "Mpeleke mwenzio. Wewe si ndiye profesa wa maduka? Au elimu yako ya kujifungia kabatini?"

Basi akampeleka. Hakumpeleka Jumamosi. "Jumamosi wanakuja wenye mishahara," alimweleza njiani, "wauzaji wanavimba vichwa. Sisi tunakwenda katikati ya wiki, asubuhi, duka limepoa, muuzaji anatamani hata wa kugombana naye."

Na ndani ya duka alimfundisha, tusimsingizie, alimfundisha kweli. Nguo za mbele usizitazame, hizo zimewekewa wajinga na wachumba wapya. Tafuta rangi ya msimu uliopita, kwa kuwa bei imeporomoka na kitambaa ni kilekile, na jasho halijui msimu. Uliza ile iliyovalishwa sanamu, maana ikivuliwa hupunguzwa. Geuza ndani nje uangalie mishono. Kisha lililo kubwa: "Ukiipenda, ikunjie uso. Muuzaji akikuona jino tu, punguzo limekufa."

"Dada, wewe ungekuwa mwanasheria."

"Hakimu," alisema Nusu Bei. "Mwanasheria anaomba."

Bibi Harusi akacheka, halafu akakumbuka akakunja uso.

Somo moja tu hakumfundisha. Kila mara kabla ya kulipa, Nusu Bei huipeleka nguo dirishani penye mwanga, akaingiza ngumi ndani, akavuta kitambaa. Ngumi ikionekana, anairudisha nguo hata kama ni ya bure. Nguo za mazoezi zina unafiki huo: ukisimama zinakuheshimu, ukiinama zinakusaliti.

Nyuma kabisa ya duka kulikuwa na kapu la mabaki. Bibi Harusi akazama humo kama kuku anayepekua, akaibuka na taiti. Rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, laini kama sikio la mtoto, kinyoya kiunoni, saizi yake. Bei imekatwa kwa kalamu nyekundu, kisha ikakatwa tena.

"Dada, nimekunja uso?"

"Umekunja. Lete niione."

Akaenda nayo dirishani. Bibi Harusi alikuwa ameinama kwenye kapu anasaka fulana ya kulingana nayo. Nusu Bei akaingiza ngumi, akavuta. Akaiona pete yake inang'aa. Akaona hata ukucha uliokatika. Ndipo akajua kwa nini bei ilikatwa mara mbili.

Muuzaji, msichana wa kaunta, alimwona akivuta kitambaa. Akafungua mdomo aseme. Nusu Bei akamwangalia. Msichana yule naye alikuwa ameambiwa kapu liishe, basi akafunga mdomo na kuanza kukunja fulana zilizokwisha kukunjwa.

"Vipi, dada?"

"Mishono yote mizima," alisema Nusu Bei. Na kweli ilikuwa mizima.

Bibi Harusi akalipa kwa vijisenti vyake vya kudunduliza, uso kaukunja vizuri kama alivyofundishwa.

Siku ya majaribio jimu ilijaa pomoni. Mwenye jimu, waliyezoea kumwita Madamu, alikaa pembeni na filimbi shingoni. Utaratibu ulikuwa kila mwombaji aongoze nyimbo tatu, yeye akitazama kioo cha mbele, mgongo kawapa wanafunzi. Akaanza Bibi Harusi.

Wimbo wa kwanza aliua. Wanawake waliokuja kujipunguza huku wananung'unika walijikuta wanacheka kwa raha, na mguu wa Madamu ukaanza kugonga sakafu. Nusu Bei, mstari wa mbele, aliona duka la kinyoya linamwendea mbali, linapunga mkono.

Wimbo wa pili ulikuwa wa kuchuchumaa.

"Chini!" aliita Bibi Harusi. "Chini zaidi, mama zangu!"

Akashuka. Kitambaa kikavutika, kikavutika, kikawa hakipo. Sasa Bibi Harusi alikuwa na zile chupi za pakiti, saba, kila moja na rangi yake, na nyuma zimeandikwa siku za wiki. Ya leo ilikuwa nyekundu, maandishi meupe, makubwa kama kibao cha barabarani.

Kisha sauti kutoka mstari wa nyuma, ya upole kabisa: "Jamani, leo siku gani?"

"Jumapili!" akajibu mwingine.

Na ilikuwa Jumatano.

Jimu ikalipuka. Watu walishikana mabega, mmoja akakaa chini akipiga sakafu kwa viganja. Bibi Harusi akawaona kiooni wamefurahi, naye akafurahi. "Nawasikia!" alipiga kelele. "Tena! Chini!"

"Siku gani?" wakaita.

"Jumapili!"

Akadhani ndicho kibwagizo cha jimu ile. Akakidaka mwenyewe, kwa sauti yake nzuri, makalio yakiwa chini, mikono juu: "Siku gani?"

"Jumapili!"

Nusu Bei alikuwa amejifunga fulana kiunoni. Hatua moja tu, angemrushia ajifunge, mambo yakaisha. Aliliwaza hilo, tusiseme hakuliwaza. Akaikaza fulana yake fundo la pili.

Zamu yake ilipofika aliongoza akiwa na taiti nyeusi, nzito, ya msimu wa mwaka juzi. Alicheza kama mtu anayepanda ngazi na ndoo, lakini hakuna aliyecheka, hata wa kuguna.

"Yule mdogo anajua," Madamu alimwambia pembeni. "Sikatai. Lakini wateja wangu hawatamwita mwalimu tena. Wewe anza keshokutwa."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Bibi Harusi alikuwa anameremeta. "Dada, umewasikia? Tangu harusi yangu sijashangiliwa hivi!"

Mwanamke mmoja akapita na taulo begani. "Jumapili, usisahau chupa yako ya maji, mwaya."

"Mbona ananiita hivyo?"

Nusu Bei akawa anatafuta kitana kwenye mkoba.

Bibi Harusi akageuka kwenye kioo, polepole. Akajitazama kupitia begani. Akainama kidogo, kisha akainama zaidi, akabaki hivyo muda mrefu, kama mtu anayesoma asichotaka kumaliza.

"Dada. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ulikwenda nayo dirishani."

"Uliniuliza mishono. Mishono mizima."

"Mimi sikuuliza mishono, dada. Nilikuletea."

Nusu Bei akafunga zipu ya mkoba, akaifungua tena.

Bibi Harusi hakulia. Lile tabasamu la picha ndilo lililokuwa limeondoka, na uso ulionekana mdogo bila hilo. "Kazi umepata?"

"Nimepata."

"Basi niirudishe dukani. Vile vijisenti ndivyo nilivyokuwa navyo."

"Za kapuni hawapokei." Nusu Bei akakohoa. Kisha tabia yake, ambayo haikuwahi kumwomba ruhusa, ikasema yenyewe: "Niuzie mimi. Lakini imeshavaliwa, wifi, bei ya kapuni siwezi."

"Nusu?"

"Nusu ya nusu. Ina jasho."

Bibi Harusi akaivua palepale. Akasimama na Jumapili yake mbele ya wote waliokuwemo, mkono kaunyoosha, taiti inaning'inia kama ngozi ya kitu kilichochunwa. Akapokea hela bila kuzihesabu. Akavaa gauni lake la nyumbani, akatoka kupitia ukumbini, na vicheko vikamsindikiza mpaka mlango wa nje ulipojifunga.

Wengine walipokwisha kutoka, Nusu Bei alibaki peke yake. Akaigeuza ile taiti ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. Kwa ndani ukivaa kaptura nyeusi, nani atajua? Akaikunja vizuri, akaiweka mkobani chini ya taulo.