Jibu la Swichi

Silvesta hakuwa na Kiingereza zaidi ya kile alichobakiza darasa la saba, lakini kila jioni, jiko la mkaa likishashika na ukungu wa Njombe ukishatanda nje, yeye ndiye aliyeuliza maswali. Mkewe, Scolastika, mpiga chapa wa misheni, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa cheti cha mwanzo cha mitandao ya kompyuta, utakaofanyika Iringa. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia, na taipureta zimeanza kufunikwa vitambaa. Silvesta alisoma maswali ya Kiingereza vilevile yalivyoandikwa, herufi kwa herufi kama Kiswahili, Scolastika akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akajibu. Mume alilinganisha jibu lake na lile la nyuma ya kitabu.

Ungewaona ungesema nyumba hiyo haina neno. Kumbe Silvesta alikuwa na lake moyoni. Mansoor, mfanyabiashara wa Makambako, alikuwa amefungua duka la intaneti, na alimwahidi Scolastika kazi ya kulisimamia akipata cheti. Akifaulu, atapanga chumba Makambako. Mtoto wao Benno yuko shule ya bweni, kwa hiyo Silvesta atabaki na viazi vyake na sufuria ya mtu mmoja. Silvesta alimtakia mkewe mema, tena kwa dhati, ila mema yenyewe yalitaka kupanda basi.

Jumamosi moja swali likaja: kifaa gani huunganisha mtandao mmoja na mwingine? Scolastika alikuwa amechoka, akajibu swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta za mtandao mmoja tu. Kitabu kilisema ruta. Silvesta akakitazama kitabu, akamtazama mkewe.

"Umepata," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Silvesta haikufika hata urefu wa tuta la viazi. Misa ya kesho yake aliisikia nusunusu. Akinywa chai anaona swichi, akifunga viatu anaona swichi, na swichi yenyewe hajawahi kuiona maishani. Alijionea aibu kwelikweli.

Jumatatu, wakiwa shambani wanapalilia, aliacha jembe akamwambia kwamba lile jibu lilikuwa ruta, na kwamba alimdanganya kusudi.

Scolastika aliendelea kupalilia kidogo.

"Najua, Baba Benno. Niliangalia kitabu jana. Nilikuwa nangoja nione kama utaniacha niende nalo Iringa."

"Nisingeweza."

"Lakini ulitaka."

"Nilitaka ubaki," akasema Silvesta. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia neno kama hilo, na kulisema kulimpunguzia mzigo. Scolastika alimpangusa udongo shavuni, wakamalizia tuta.

Mtihani aliufaulu. Siku ya kupokea kazi walikwenda Makambako pamoja, Silvesta amebeba godoro. Mansoor alieleza kwa upole kwamba duka lake halifungwi, hata mwisho wa wiki. Scolastika akamjibu, kwa heshima zote, kwamba yeye kila Ijumaa jioni atapanda basi la Njombe. Mansoor akauliza huko kuna nini.

"Kuna mtu alitaka nibaki," akasema, "na bado akanisahihisha."

Silvesta, mlangoni na godoro lake, akajifanya anatazama malori.