Boksi la Marehemu

Boksi lilikuwa linavuja. Uteute wa zambarau ulitoka kwenye kona yake, ukatambaa juu ya kaunta ya posta na kuanza kudondoka sakafuni, na harufu iliyopanda nao ilikuwa ya samaki wa siki waliochanganyika na sabuni ya lavenda. Verna Hrynchuk alihisi mate yakimjaa kinywani, yale mate ya mtu aliye karibu kutapika. Akayameza. Kilichomchefua zaidi ni jina lililoandikwa juu ya boksi: Walter Hrynchuk, mumewe, aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

Katika mji mdogo wa Tarrow, posta ni dirisha moja tu ndani ya duka la vyakula la Einar Lokken. Einar ndiye muuza duka na Einar ndiye karani wa posta. Akimaliza kukukatia jibini anajifuta kwenye aproni, anahamia upande wa pili na kukuletea barua zako. Kwa hiyo kila anayeagiza vitu mtandaoni hulazimika kuvipokea kutoka mikononi mwa mtu yule yule ambaye amelikimbia duka lake. Wengi walikwisha kuizoea aibu hiyo. Verna hakuweza. Yeye ndiye aliyesimama kwenye ukumbi wa mji wakati wa baridi, siku Einar alipotangaza kwamba wateja wakipungua tena atafunga, akawaambia majirani kwamba duka hili likifa na mji umekufa. Alipigiwa makofi. Einar alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Wiki ile ile aliagiza mafuta ya kupikia, karatasi za chooni na unga, kwa jina la marehemu.

Si kwamba hakuwa na sababu. Duka la Einar lilimtia kinyaa. Saladi zilikuwa zimelala kwenye friji kama matambara ya deki. Makopo yalikuwa na kutu mdomoni, na kwenye kabati la maziwa kulikuwa na uvundo wa kitu kilichomwagika zamani kikasahauliwa. Mtandaoni hakuna harufu. Kuna picha safi, unabonyeza ukiwa na kikombe chako cha chai, na baada ya siku chache boksi limefika. Limepita mikononi mwa nani, hujui, na usilolijua halikusumbui.

“La Walter limefika,” Einar alikuwa akisema kila mara, bila kupepesa jicho.

“Vyuma vyake vya karakana,” Verna alikuwa akijibu. “Aliagiza kabla hajafa. Watu hawa wanachelewa mno.”

Hata uongo una umri wa kustaafu, na huu ulikuwa umeupita.

Sasa mlango ulifunguka, akaingia Lorraine Pidskalny, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala nyumbani kwake. Einar alitupa gazeti juu ya boksi upesi.

“Mungu wangu,” alisema Lorraine akiziba pua. “Kimekufa nini humu?”

“Nimeangusha chupa,” alisema Einar. “Samaki.”

“Basi hao walioza siku nyingi, bwana.” Akamgeukia Verna. “Shoga, ulituhubiria vizuri kule ukumbini, nami nikakusikia. Lakini kwa uvundo huu, nimenyoosha mikono. Leo leo binti yangu ananifungulia akaunti, niagize kila kitu. Na wanakwaya nitawaambia, tusije tukalishwa sumu.”

Wanakwaya walikuwa nusu ya wateja waliobaki. Einar alilijua hilo, lakini alichutama tu na kuanza kufuta sakafu, kichwa chini. Verna hakuhitaji kufanya chochote. Hakuhitaji hata kudanganya, maana uongo ulikwisha kusemwa kwa niaba yake na mtu ambaye ungemgharimu duka. Akakitazama kitambaa kilivyolowa uteute ule, akajiona mchafu kukizidi.

“Si samaki wa Einar,” alisema. “Boksi ni langu, samaki na sabuni ni vyangu.”

Akaliondoa gazeti. Lorraine aliinama akasoma, midomo ikichezacheza.

“Walter?”

“Walter haagizi sabuni, Lorraine. Ni mimi. Tangu baridi.”

Lorraine alimtazama kutoka viatu hadi nywele. “Haya,” alisema mwishowe, “na mdomo wako mtamu ule,” akatoka bila kuchukua barua zake.

Verna alipiga magoti, akachukua kitambaa kingine. Wakafuta pamoja. Uteute ulinasa vidoleni.

“Hukuwa na haja,” alisema Einar.

“Nilikuwa nayo. Wewe ulijua tangu lini?”

“Tangu boksi la kwanza. Nilibeba jeneza la Walter, Verna.”

Uso ulimwaka. Alitaka kuomba radhi, lakini radhi zilizomjia zilikuwa tamu mno, za ukumbini, nazo zilimchefua kuliko samaki. Akasema lile lililojificha chini ya radhi hizo.

“Unalamba kidole, Einar.”

“Nini?”

“Ukifungua mifuko ya karatasi. Unalamba kidole, kisha unashika mkate wangu. Nikiona vile siwezi kula. Na saladi zako ni aibu, na kabati la maziwa linanuka.”

Einar aliacha kufuta. Aliuinua mkono wake wa kulia, akakitazama kidole cha shahada mbele na nyuma, masikio yakimgeuka mekundu.

“Miaka thelathini na moja,” alisema taratibu. “Mji mzima unapita hapa. Na hakuna aliyenitajia kidole hiki; mlichoniambia ni hali ya hewa tu.”