Mhusika Amethibitisha

Dobi alikuwa akitia uzi wa kijani kwenye ukosi wa shati la mwalimu wa hesabu pale binti yake aliporudi na fomu ya chuo, haijapigwa mhuri. Duka la dobi halikuwa na tiketi wala namba. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi na mshono wake, na kwa miaka kumi na tisa hakuna nguo iliyowahi kwenda kwa asiye mwenyewe. Mtaani walimwita Mama Hakikisha, maana chenji ya mteja aliihesabu mara mbili, na ya kwake mara tatu.

"Wamekataa," binti alisema. "Eti mdhamini wangu ana mkopo sugu."

"Mdhamini wako si mimi?"

"Ndiyo, mama. Ni wewe."

Dobi akachomoa pasi. Maishani mwake alikopa mara moja tu, pasi hiyo hiyo ya mvuke, na alimaliza kuilipa kabla ya siku yake. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa binti nafasi baada ya miaka miwili ya kuomba, na sasa bila mdhamini mwenye rekodi safi nafasi ingekwenda kwa mwingine siku ya kufungua muhula. Ilibaki miezi mitatu.

Machale yalikuwa yamemcheza siku nyingi kwamba kuna mtu anatumia jina lake, tatizo hakujua ni nani. Kulikuwa na shemeji yake, aliyewahi kuomba kopi ya kitambulisho "ya kikundi," na kikundi chenyewe hakikuonekana mpaka leo. Kulikuwa na mwenye mashine ya fotokopi, ambaye kopi yake ya kwanza haikosi kutoka mbaya, na huitia drooni mwenyewe, hataki kusaidiwa kuitupa. Kituo cha polisi walimuuliza anamshuku nani. Alitaja watu kumi na mmoja, mmoja wao askari aliyekuwa akiandika. Askari akaandika "mtu asiyejulikana," akampa karatasi yake.

Kampuni ya taarifa za mikopo, inayotunza rekodi za wakopaji wote, ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Karani wa dirishani alipokea ripoti ya polisi, hati ya kiapo na barua ya pingamizi, akazibana pamoja kwa pini.

"Sheria inatupa siku thelathini, mama. Tutawasiliana na mhusika."

"Mhusika ni mimi."

"Hapana, wewe ni mlalamikaji." Karani alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. "Mhusika ni mwenye jina lililo kwenye faili."

"Jina lililo kwenye faili ni langu."

"Ndiyo maana tutamuuliza."

Wakamuuliza. Walipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye faili, namba ambayo dobi hakuwahi kuwa nayo, na siku ya ishirini na tisa barua ikaja: *Tumewasiliana na mhusika, naye amethibitisha kuwa mkopo ni wake.*

Kesho yake asubuhi Mhusika akaja dukani. Alikuwa kichwa na mabega tu, kama alivyopigwa picha ya kitambulisho, na sura ilikuwa ya dobi miaka sita nyuma, jicho la kushoto limefumba kidogo kwa sababu ya mwanga. Kuanzia mabega kwenda chini hapakuwa na kitu isipokuwa bluu ya pazia la studio. Mteja aliyekuwa amefuata mapazia yake alimpisha mlangoni.

"Nani alikupa picha yangu?" dobi aliuliza.

"Sijui, dada. Nilipigiwa simu, nikaitika."

"Na kabla ya kupigiwa?"

Mhusika alifikiri. "Kabla ya hapo sikumbuki kitu."

Dobi hakumwamini hata kidogo. Hata hivyo alimsogezea kiti, akakumbuka kwamba hana cha kukalia, akakirudisha.

Wakili aliyemwendea alikuwa mtu mzuri, ila shati lake lilipigwa pasi na mtu mwingine. Alimweleza dobi haki zake zote. Kampuni ya mikopo iliyodai deni ilipaswa kuonyesha mkataba. Kampuni ya taarifa ilipaswa kufuta kisicho kweli na kumlipa fidia kwa kumchafulia jina. "Sheria iko upande wako, mama," alisema. "Mia kwa mia." Dobi akamwangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyemwambia mia kwa mia bila kumwongezea bei.

Wakaandika barua kwa kampuni ya mikopo. Kampuni ilichukua saini iliyokuwa kwenye mkataba, ikailinganisha na saini iliyokuwa kwenye faili, ambayo ilitolewa kwenye mkataba, na ikajibu kwamba zinafanana sana. Jioni hiyo Mhusika akaota mikono. Akaanza kuja kila siku baada ya chakula cha mchana kukunja mashuka, na kusema kweli alikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akiondoka tu, dobi alihesabu hanga za nguo. Hazikupungua hata moja, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Mama, hana ubaya," binti alisema.

"Asiye na ubaya hakai na jina la mtu."

"Sasa alipeleke wapi?"

Dobi akanuna mpaka usiku.

Kilichobaki kilikuwa kikao mbele ya msuluhishi wa malalamiko. Wito ulisema: *Mhusika afike mwenyewe.* Asubuhi ya kikao Mhusika akapata miguu, pamoja na viatu vyeusi vya kisigino kifupi, akapanda ngazi mwenyewe. Dobi alikuwa ameshafika tangu saa moja. Alikaa kiti cha mbele, ameshika bahasha yake yenye risiti za miaka kumi na tisa. Msuluhishi aliita jina. Wote wawili wakasema "Nipo." Akamwangalia dobi, akaangalia picha iliyo kwenye faili, akamwangalia Mhusika, ambaye alifanana na picha kuliko dobi, kwa kuwa hakuwa amezeeka.

"Mhusika amefika," aliandika.

"Na mimi?" dobi aliuliza.

"Wewe umewakilishwa na wakili."

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Msuluhishi aliona kwamba kweli kumetokea mchanganyiko, na akaamuru faili ligawanywe mara mbili. Kila kilichothibitishwa kilikwenda kwa Mhusika: jina, tarehe ya kuzaliwa, pasi ya mvuke iliyolipwa kabla ya siku yake, leseni ya duka, mtoto mmoja. Kilichobishaniwa kilikuwa kimoja tu, mkopo wenyewe. Mhusika hakuwa amewahi kuubishia. Mlalamikaji ndiye aliyeufahamu kwa undani, akautaja katika barua nne na kiapo kimoja, kwa hiyo uliandikwa kwake.

Wakili alikusanya karatasi zake. "Tunakata rufaa, mama. Siku tisini tu. Tutashinda."

"Chuo kinafungua Jumatatu," dobi alisema.

Ilikuwa Alhamisi. Dobi alirudi kazini, akapiga pasi mashati kumi na manne, na la kumi na tano akaliunguza. Halikuwahi kumtokea jambo hilo. Kisha akamgeukia Mhusika, aliyekuwa akikunja foronya.

"Rekodi yako sasa ni safi."

"Ndiyo, dada. Nimeletewa barua."

"Unataka nini kwangu? Sema tu, tumalizane."

"Sitaki kitu. Imeandikwa nina mtoto mmoja. Nilikuwa nangoja uniambie anahitaji nini."

Dobi alimtazama akitafuta ujanja. Alitamani sana auone. Hakuuona, akatoa fomu ya chuo.

Jumatatu walikwenda watatu. Dobi alibeba godoro, binti alibeba sanduku, Mhusika alibeba barua. Msajili wa chuo aliisoma mwanzo hadi mwisho, akatabasamu, akampa Mhusika kalamu. Mhusika akasaini pale palipoandikwa *mzazi na mdhamini,* kwa mwandiko ambao dobi aliujua vizuri. Mhuri ukapigwa. Binti akavuta pumzi kwa nguvu, akalia kidogo, akajipangusa kwa kiganja.

"Hongera, mama," msajili alimwambia Mhusika. Kisha akamwona mwanamke aliyesimama mlangoni na godoro kichwani. "Na huyu? Wageni hawaruhusiwi kupita hapa. Wewe ni nani kwa mwanafunzi?"

Binti akafungua mdomo.

"Jirani," dobi akawahi kusema. "Nimesaidia mzigo tu."

Msajili akaandika *jirani* kwenye daftari la wageni, akamwambia ateremshe godoro hapo hapo. Alikuwa bado ameshika ile barua, na alikuwa akiwaangalia. Binti akamkumbatia Mhusika, maana ndivyo mtoto anavyoagana na mama yake. Halafu akaja mlangoni, akamshika dobi mkono kwa mikono yake miwili, hauachii.

"Asante, jirani," alisema. "Nisalimie nyumbani."

"Zimefika," dobi alisema, akatoka nje kungoja Mhusika amalize kujaza fomu.