Mfuko Mweupe

Fundi cherehani alijaza mabua yaliyochemshwa kwenye mifuko miwili, akachanganya na mbegu za uyoga, akaificha gizani stoo. Baada ya muda, mmoja ukawa mweupe pe ndani, kana kwamba umejazwa pamba. Mwingine ukatoa madoa ya kijani.

"Huu mweupe umeota ukungu," alisema, akautupa nyuma ya ua bila kumuuliza mtu. Wa kijani, rangi ya mimea, aliubembeleza kama mtoto mchanga. Aliunyunyizia maji asubuhi na jioni, na ole wake ambaye angegusa mlango wa stoo! Mfuko ukazidi kunuka.

Siku moja wifi yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaingia na bakuli la uyoga wa kukaanga.

"Umeutoa wapi?" fundi aliuliza, roho juu.

"Kwenye mfuko ulioutupa. Wifi, ule weupe ndio mwanzo wa uyoga. Kilichooza ni hicho unachokibembeleza."

Fundi alinuna, lakini kijiko alichukua. Uyoga ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.