Namba ya Juu

Mgonjwa alikuwa mkewe, si yeye. Mke ndiye aliyevimba miguu, naye Fundi Chuma, mchomeleaji wa mageti na madirisha, alikwenda zahanati kumsindikiza tu. Alikaa kofia mapajani, akitania kila aliyepita.

Mke akapimwa, presha yake ikawa nzuri.

"Na wewe baba, sogea," nesi akasema.

"Mimi? Utaharibu mashine yako bure."

Mkewe akampiga kiwiko. Fundi akakunja shati na kunyoosha mkono uliojaa makovu ya cheche. Mpira aliofungwa mkononi ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Nesi akatazama namba mara mbili. Akamwambia atulie kidogo, asiongee. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Utani ukamkauka fundi mdomoni.

"Mia tisini na sita kwa sabini na nane," nesi akasema taratibu, akawapeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa mama mfupi, asiyezunguka mbuyu. "Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni pale moyo unapopumzika. Ya chini haina neno, ila ya juu imepaa. Kwa umri wako, mara nyingi hiyo ni mishipa mikubwa kukakamaa. Ilitakiwa itanuke kila moyo unapopiga, ipokee kishindo. Sasa haitanuki vizuri, kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye ubongo, figo na macho. Na moyo wenyewe unachoka kusukuma."

"Lakini siumwi popote, daktari."

"Wengi hawaumwi popote, mpaka siku wanapoanguka."

Fundi akamkumbuka baba yake mzazi. Alianguka akifunga kamba za viatu, asubuhi, mzima wa afya. Watu walisema siku zake zimefika, basi. Hakuna aliyewahi kumpima.

Kipimo cha mkojo kikaonyesha figo zimeanza kuvujisha protini. Akapewa vidonge na kukatazwa chumvi na sigara.

Vidonge vikakaa kabatini. Karakanani aliinua chuma kidogo tu, akakiweka chini, akasikiliza kifua. Kichwa kikimgonga kidogo tu, alishika ukuta. Wenzake walidhani ana hasira.

"Baba watoto," mkewe akamwambia wakiwa mezani, "unaogopa dawa kuliko kiharusi?"

"Naogopa vyote. Nikianza leo, nimeshakuwa mgonjwa mpaka kaburini."

"Umeshakuwa mgonjwa. Kilichobaki ni kumeza au kutomeza."

Akamsogezea bilauri ya maji. Fundi akafumba macho, akameza kidonge.

Waliporudi zahanati baada ya mwezi wa kumeza dawa kila siku, namba ya juu ilikuwa mia hamsini na mbili. Fundi hakuamini, akaomba apimwe tena. Ikawa ileile.

"Usiache dawa," daktari akaonya. "Mishipa haitarudi ujanani. Tunaipunguzia mzigo tu."

Furaha yake ikaishia mlangoni, alipomkumbuka tena baba yake. Nje, kabla hata ya kuvaa kofia, akampigia simu mdogo wake wa kiume.

"Nimekutwa na presha, na sikujua. Sisi damu moja. Nenda kapime leo."

"Kaka, mbona unanitisha?"

"Nakutisha makusudi."

Mdogo mtu akauliza, kwa sauti ndogo, zahanati inafungwa saa ngapi.